Meza ya Vita vya Shela

Mume wangu alikuwa mchora ramani wa serikali. Miaka yake yote ya kazi alipima viwanja vya kisiwa hiki na vya Manda, kisiwa jirani, na alipostaafu hakujua afanye nini na mikono yake. Asubuhi alikaa barazani, akaingia ndani, akatoka tena. Kisha akaja mwalimu.

Mwalimu alikuwa kijana wa bara, Mkristo, aliyeletwa kusomesha historia kwenye shule ya sekondari hapa mjini. Alibisha hodi kwetu, mtaa wa Mkomani, kuulizia ramani ya zamani ya kijiji cha Shela, akiwa na boksi la viatu kwapani. Ndani ya boksi mlikuwa na wanajeshi wa plastiki, kila mmoja mfupi kuliko pingili ya kidole. Alituambia kuna watu wazima, wenye wake na kazi zao, wanaopanga vita vya kale juu ya meza na kuvipigana upya kwa kanuni zilizoandikwa, kwa rula na dado, waone kama mambo yangeweza kwenda vingine. Yeye alitaka kupanga vita vya Shela, pale watu wa Pate na wenzao wa Mombasa walipoteremka pwani kuja kuupiga mji wetu huu wa Amu.

"Kwa rula?" mume wangu akauliza.

"Kwa rula, mzee. Kila kitu kinapimwa."

Sikumwona tena barazani.

Waliunga mbao mbili za plaiwudi, wakazitandika kwenye msana, chumba chetu kirefu chembamba ambamo nilikuwa nikipokea wageni. Vilima vya mchanga walivichonga kutoka maboksi meupe ya kuwekea samaki, kwa kisu kilichopashwa moto, nyumba nzima ikanuka plastiki. Juu yake wakabandika magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa wanga, kisha wakamwaga mchanga wa Shela wenyewe, ambao mume wangu aliuchekecha kwa chekeche langu la unga. Nyumba walizifanya kwa katoni na chokaa, minazi na majahazi kwa vijiti. Bahari ilikuwa vipande vitatu vya ubao wa buluu vilivyolazwa juu ya tope la kuchora. Kuanzia raundi ya sita dado lilirushwa kila mara, na likiangukia namba fulani, kipande kimoja kiliondolewa. Ndivyo maji yalivyokupwa mezani, kwa sababu ndivyo tunavyosimuliwa: maji yalikupwa, majahazi yakakaa juu ya tope, na waliokuja kupigana wakakosa pa kukimbilia.

Mimi nilinuna mwezi mzima. Kilichonivuta ni rangi. Jioni moja nilimkuta mume wangu akijaribu kumpaka mwanajeshi mmoja kikoi, rangi imemwagika mpaka miguuni. Mimi kazi yangu ni kuwapaka maharusi piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Nimechora maua kwenye nyayo za wasichana wa nusu ya mji huu, mkono wangu haukosei.

"Nipe mimi," nikasema.

Nikampaka kikoi cheupe chenye mstari mwekundu. Mume wangu akamsogeza karibu na macho, akamgeuza huku na huku. "Bi," akasema, "kumbe nimeoa fundi."

Kuanzia hapo niliwapaka wote, zaidi ya mia mbili. Dada mkubwa wa mume wangu alipokuja kututembelea alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Masanamu ndani ya nyumba? Malaika wataingilia wapi?"

"Dada, hawa hawana mato wala kanwa," mume wangu akamjibu, akimwashiria asogee. "Ndoo utizame."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo nisiwachore nyuso. Dada mtu aliinama, akatazama, akauliza kama dado ni la kamari. Tukamwambia hakuna pesa. Alikunywa kahawa yake akiwa amewapa mgongo.

Walicheza kila Jumamosi asubuhi. Mume wangu alikuwa Amu siku zote, mwalimu alikuwa Pate na Mombasa. Walibishana kuhusu upana wa ufuo na mwendo wa mtu kwenye mchanga mlaini. Mume wangu alijua kila kanuni kwa moyo, na mwalimu alipokosea hesabu ya dado alisahihishwa kabla halijatulia. Nilikuwa nikipika nikiwasikia wakicheka. Ilikuwa miaka mizuri, na sikujua niihesabu kuwa mizuri.

Jumamosi moja mume wangu aliondoa bahari yote raundi ya pili. Aliinua vipande vitatu kwa pamoja, akaviegemeza ukutani.

"Mzee, bado," mwalimu akasema. "Maji yanaanza kutoka raundi ya sita."

"Nani mesema?"

"Wewe ndiye uliyeandika, mzee."

Mume wangu akacheka, nasi tukacheka. Wiki mbili baadaye alianza kusogeza askari wa mwalimu akidhani ni wake. Mwalimu alimwacha. Lakini zamu ya mwalimu ilipofika naye akamgusa askari yule yule, mume wangu aliukamata mkono wake.

"Mwizi! Wamtwaa mtu wangu mbele ya mato yangu!"

Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita mtu mwizi. Mwalimu alikaa vile vile, mkono umeshikwa. "Pole, mzee," akasema taratibu. "Nimekosea mimi." Halafu akanitazama, na katika kunitazama kule nikajua kwamba yeye alikuwa ameshaona mengi kabla yangu, na alikuwa akinificha.

Tulikwenda Mombasa kwa daktari. Alimwuliza ni mwaka gani, akamwomba achore saa. Mchora ramani wangu alichora duara safi kabisa, kisha namba zote akazipanga upande mmoja. Daktari alisema kuna vidonge vya kupunguza kasi ya usahaulifu kidogo, na kwamba ugonjwa wenyewe hauna dawa. Nilimwuliza mimi nifanye nini. Akasema nimshughulishe na vitu anavyovipenda.

Hilo nililishika kama amri. Ila mwaka huo huo mwalimu akapata uhamisho, akarudishwa kwao bara. Alikuja na daftari alimoniandikia kanuni zote kwa Kiswahili chepesi, na michoro ya mishale.

"Mama, sikuomba kuhama."

"Najua, mwanangu."

"Ukikwama nipigie. Hata kama ni swali la dado tu."

Basi nikajifunza vita nikiwa na miaka sitini na mbili. Nilisoma lile daftari jikoni, nikiwa nimeliegemeza kwenye sufuria. Nilijifunza nani anatangulia, nani anapiga kutoka mbali, na kwamba kikosi kikipoteza nusu ya watu wake kinarudi nyuma. Kila asubuhi nilimkalisha mezani, mimi nikawa Pate. Mwanzo alicheza kidogo. Baadaye alishika dado tu, akaligeuza geuza, na mimi nikacheza pande zote mbili, nikijipiga na kujikimbia mwenyewe, huku nikimwambia, "Umenishinda, bwana." Wakati mwingine alifurahi.

Kisha ikaja asubuhi aliyoniuliza, "Sisi ni wepi?"

"Sisi ni Amu."

"Na hawa?"

"Hao ni Pate."

Alitazama majahazi. Nilikuwa nimeshaondoa vipande viwili vya bahari, na watu wa Pate walikuwa wamejazana ufuoni, nyuma yao tope.

"Mamangu ni wa Faza," akasema.

Nilijua. Mama yake alikuja kuolewa hapa kutoka Faza, kule kisiwa cha Pate. Katika miaka yote ya mchezo hakuwahi kulitaja, na mimi sikuwahi kulifikiria.

"Hawa ni watu wa kwa mama," akasema. "Watauawa. Hawana ndia ya kurudi." Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kwenye ndevu. "Rudisha mai, Bi. Rudisha mai waende zao."

Nilirudisha vipande vya buluu haraka haraka, mikono ikigongana. Nikapandisha watu majahazini, nikayasukuma mpaka ukingo wa meza, nikamwambia wameondoka salama, wamefika Faza, wamepokewa. Akatulia. Akaniomba chai.

Nikadhani nimepata dawa. Lakini kesho yake aliuliza tena nani hawa, akalia tena, upya kabisa, kama mtu aliyepewa habari ya msiba kwa mara ya kwanza. Nikarudisha maji. Kesho kutwa vile vile. Nilijaribu kumwambia hawa wote ni Amu, akakataa, akasema namdanganya. Nilijaribu kuyaficha majahazi, akayatafuta uvunguni mwa meza akiita watu kwa majina nisiyoyajua. Nilimpigia mwalimu. Nilisikia wanafunzi nyuma yake, kengele ikilia.

"Mwalimu, kuna kanuni gani ya kusimamisha vita?"

"Mama," akasema, "kwenye lile daftari haimo."

Wanetu, watu wazima wenye nyumba zao, walitaka meza iondolewe tangu zamani. Nilikataa kwa sababu ya lile neno la daktari. Nilikubali siku nilipomkuta amemtia askari kinywani na anamtafuna. Nilimwingiza kidole nikamtoa yule askari, rangi nyekundu ikiwa imemkaa menoni.

Wanajeshi niliwapeleka kwenye shule alikokuwa akisomesha mwalimu. Meza niliivunja mwenyewe, kwa kisu cha jikoni na patasi, maana sikutaka mtu mwingine aiguse. Nilimletea mume wangu kiti, akakaa kunitazama. Nilibandua minazi. Niling'oa nyumba moja moja. Nilipofika kwenye vilima, akanyoosha mkono akanizuia, akapapasa mchanga pale ulipogandia, kwa ncha za vidole, polepole, kama alivyokuwa akipapasa karatasi mpya ya ramani.

"Kazi ya nani hii?"

"Ya bwana mmoja wa hapa hapa Mkomani."

"Ni fundi," akasema. "Mepima vizuri. Shela iko vivi hivi." Akaendelea kupapasa. "Sasa waivunjiani kazi ya mtu? Umemtaka ruhusa?"

Nilikuwa nimepiga magoti, patasi mkononi. Nikamwambia sijamtaka.

"Kamtake kwanza," akasema kwa ukali.

Nikasimama, nikatoka mpaka uani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikaa hapo mpaka niliposikia ameanza kuniita, si kwa jina langu, kwa jina la mama yake.