Tarakimu Aliyoificha Pazi

Bi Sikuzani wa Kisarawe, msuka mikeka, alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana wake. Ukimsalimia mapema anajiuliza umeona nini. Usipomsalimia, ndiyo balaa. Mikeka yake, lakini, hata Dar es Salaam walikuwa wakiiulizia. Mumewe alikufa mapema, akamwachia binti mmoja tu, Mwanamkuu, na huyo alimlinda kama mboni ya jicho.

Mwaka 1948 mwalimu Husseini wa shule ya hapo alikuja kuposa. Kijana safi, mpole, shikamoo zake hazikosekani. Posa ilipokelewa na Pazi, kaka yake Sikuzani, maana kwao mjomba ndiye msemaji. Baada ya chakula mwalimu akataka kuwachangamsha wakweze. Akampa Pazi kibao na kipande cha mkaa.

"Mjomba, andika namba yoyote ya tarakimu nne, nisiione. Zijumlishe tarakimu zake, kisha jumla hiyo uitoe kwenye ile namba. Katika jibu, ficha tarakimu moja, isipokuwa sifuri. Nitajie zilizobaki."

Pazi aliandika 4835. Jumla ishirini, akatoa, ikabaki 4815. Akaficha nane kwa kidole gumba. "Nne, moja, tano," akasema.

"Umeficha nane," Husseini akajibu papo hapo.

Loo! Wazee walicheka wakapigana mabega. Sikuzani hakucheka. Mtu anayeona kilichofichwa chini ya kidole, ndani ya nyumba ataacha kuona nini? Huyu ana jini, na jini hilo litalala nyumba moja na mwanangu? Wallahi, halipiti!

Akaomba siku za kufikiri. Angenyamaza hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini kisimani alimnong'oneza shoga yake Biubwa, na kumwambia Biubwa siri ni sawa na kuipigia ngoma. Haikupita wiki, wazazi watatu wakawatoa watoto wao shuleni. Mwanamkuu akagoma kula. Husseini mwenyewe akaanza kufunga mizigo, ahamie Kibaha Ijumaa ile.

Kabla hajaondoka, Sikuzani alimfuata kumjaribu kwa mkono wake. Namba alizijua, marehemu mumewe alimfundisha. Aliandika 3258, akatoa kumi na nane, akapata 3240. Mwalimu alikataza kuficha sifuri, basi yeye akaificha hiyo hiyo. "Tatu, mbili, nne."

"Tisa, mama."

"Sifuri!"

Husseini akatabasamu kinyonge. "Basi nimekosa, mama."

Unadhani aliridhika? Wapi! Alirudi nyumbani akijisemea: amekosea makusudi, ili nisimjue.

Asubuhi iliyofuata aliketi na ukindu wake, kibao mbele yake. Akafanya namba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kila jibu alijumlisha tarakimu zake, akahesabu nyuzi za ukindu kwa idadi ile, akazifunga tisa tisa kama anavyofunga za kupeleka sokoni. Hakuna uzi uliosalia, hata mara moja. Mkono ukamsimama. Kwenye kumi ukitoa moja, hubaki tisa. Kwenye mia ukitoa moja, hubaki tisini na tisa, nazo ni mafungu kumi na moja ya tisa, kamili. Kwenye elfu vilevile. Kumbe kutoa ile jumla ni kuondoa nyuzi za ziada tu! Iliyofichwa ni ile inayopungua ili fungu litimie. Na kama zilizobaki zimeshatimia, iliyofichwa ni sifuri au tisa, na hapo hakuna hesabu itakayokuambia ni ipi. Jini asingekosea pale. Mwenye hesabu hana budi kukosea.

Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka. Kijana wa watu amemchafua bure, na mwanawe anakonda.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alimkuta Pazi barazani na majirani wamejaa, Biubwa mbele. Husseini alikuwa amekuja kuaga. Mwanamkuu alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Kaka, andika namba," alisema Sikuzani. "Ficha utakayo."

Pazi akaandika, akatoa, akaficha. "Sita, moja, tisa."

"Mbili."

Pazi akainua kidole: mbili. "Ni hesabu!" Sikuzani alipaza sauti. "Ni mafungu ya tisa, nitawaonyesha! Mwalimu hana jini, mimi ndiye niliyemsingizia!"

Biubwa akavuta mguu wake kutoka kwenye mkeka aliousuka Sikuzani, taratibu.

"Andika nyingine, kaka. Mtaona hata mimi nakwama."

"Tano, tatu, moja," Pazi akasema.

"Hiyo sijui! Ni sifuri au tisa, siwezi kujua! Mmeona?"

Ilikuwa sifuri. Biubwa akamwinamia jirani yake, sauti ikasikika baraza zima: "Anakosea makusudi, ili tusimjue."

Sikuzani aliyatambua maneno yale. Yalikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno.

Pazi aliwatazama dada yake na mwalimu, akaguna. "Haya. Kama mama mtu anaona vilivyofichwa, na mkwe naye anaona, basi wamepatana. Tunangoja nini? Tuoze."

Waliozwa mwezi ule. Biubwa alikuja, akala pilau sahani mbili, akaila amesimama. Tangu hapo hapakuwa na mtu Kisarawe aliyethubutu kuketi kwenye mkeka wa Sikuzani, akawa anaipeleka mikeka yake Kibaha kuiuza kwa wapita njia wa barabara ya Morogoro. Huko mnunuzi akimkazia macho muda mrefu, bibi alikuwa akiuliza, "Unanitazama nini?"