Kumuuguza Mama Mkwe

Miaka yote ya ndoa yangu, hadi mwaka jana, sikuwahi kumshika mkono mama mkwe wangu. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ndivyo ukwe ulivyo huku.

Mimi ni mtu wa Singida. Nilikuja Tarime nikiwa kijana kufuata dhahabu, nikachimba na wachimbaji wadogo upande wa Nyamongo mpaka kifua kikanikatalia. Ndipo nikajifunza kuchomelea vyuma na kufungua karakana yangu Mugumu, na hapo nikampata mke wangu, binti wa kijiji cha Nyansurura. Kwetu pia mama mkwe anaheshimiwa, lakini kwa Wakurya heshima hiyo ina umbali wake. Hampeani mikono, hamli pamoja, na akipita njia moja na wewe, mmoja wenu anatafuta njia nyingine. Nikienda kusalimia nilisimama uani, naye akawa ndani ya jiko. Nilisema shikamoo mama, akaitika marahaba, akauliza kama tumefika salama, basi. Baada ya muda kuku alikuja mezani, ameiva vizuri sana, na ugali wa ulezi. Nilimjua kwa sauti na kwa mapishi.

Mwaka jana wakati wa kuvuna mahindi, tumbo lilimshika akiwa shambani. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua kwa upasuaji, mtoto bado mchanga kabisa, yeye mwenyewe hata kuinuka kitandani ni kwa kujikaza. Kaka yake, mtoto wa kiume pekee wa yule mama, ni askari na alikuwa kambini mkoa wa mbali. Jirani alipopiga simu, mke wangu alisikiliza, kisha akanipa simu. Niliazima pikapu ya rafiki yangu nikaenda.

Nilimkuta amelala kwenye mkeka, amejikunja, uso ameufunika kwa kanga. Wanawake wa jirani walijaribu kumpandisha kwenye gari wakashindwa, maana pikapu ilikuwa juu na yeye alilia kila alipoguswa vibaya. Walinitazama. Nikainama, nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Njiani alikuwa akiwanong'oneza wale wanawake kwa Kikurya, neno lile lile kila mara. Baadaye niliambiwa alichokuwa akisema: "Mwambieni asiniangalie."

Hospitalini daktari alinieleza kwamba utumbo umejisokota na kipande chake kimekufa, na kwamba wakichelewa atatutoka. Walimpasua siku hiyo hiyo. Alipotoka hakurudishwa wodini. Alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, na kule walikuwa na sheria moja ngumu: ndugu mmoja tu kwa mgonjwa, awe yule yule kila siku, ili wasiingize vijidudu. Nilimwambia muuguzi kwamba mimi ni mkwe, tusubiri mtu mwingine. Alikuwa mama wa makamo, Mkurya mwenyewe, na alinielewa bila kuelezwa.

"Najua kwetu ilivyo," alisema. "Lakini humu ndani hakuna mkwe, baba. Kuna mgonjwa na ndugu yake. Vaa hilo joho, nawa mikono, uje uongee naye. Wanasikia hawa."

Nikaingia. Kwa mara ya kwanza nikamwona uso vizuri. Alikuwa na mpira mdomoni, mashine ikimpumulia, mipira mingine puani na mkononi, na paji la uso lilikuwa la mke wangu kabisa, hata ile alama ya kukunja katikati. Nilisimama mbali kidogo, kama nimesimama uani kwake.

"Shikamoo mama," nikasema.

Nikangoja. Kwa mazoea tu, nilingoja marahaba. Mashine ikavuta pumzi, ikashusha, ikavuta tena. Kimya kile kiliniumiza kuliko kumwona na mipira. Muuguzi akanishika bega, akaniweka kwenye kiti, akauchukua mkono wa mama akauweka ndani ya wangu. Ulikuwa mkono wa jembe, mgumu, wa baridi.

Nilianza na ng'ombe, kwa sababu sikujua mama mkwe anaongeleshwa nini. Nilimwambia kwamba jirani anawapeleka kunywa maji, na kwamba yule mtamba mwekundu amepandwa. Siku iliyofuata nikamwambia mahindi yameingizwa ndani. Nikamwambia mjukuu wake ananyonya kama ana ugomvi na mtu. Habari za nyumbani zilipokwisha nikahamia za kwetu Singida: mashamba ya vitunguu, alizeti zinavyogeuka, mama yangu anavyokaripia mbuzi kana kwamba ni watoto wa shule. Habari hizo nazo zilipokwisha nikamweleza jinsi ya kuchomelea geti ili lisipinde. Muuguzi alipita akacheka, akasema mgonjwa wake atatoka humu akiwa fundi.

Kisha homa ikapanda. Mapigo ya moyo kwenye kioo yakawa yanakimbia, na daktari akaniita pembeni. Pale walipounganisha utumbo palikuwa panavuja, ikabidi wamrudishe chumba cha upasuaji. Hakunificha kwamba mwili wake umechoka. Nilimpigia mke wangu. Nikamsikia mtoto akilia nyuma yake.

"Umemwambia mwenyewe?" akauliza.

"Amelala. Hasikii."

"Mwambie hivyo hivyo. Asiende huko hajaambiwa."

Nikarudi, nikainama mpaka mdomo wangu ukakaribia sikio lake. "Mama, wanakurudisha ndani. Mimi niko hapa nje, siendi popote." Sijui kama alisikia. Niliubana mkono wake, nikauachia walipoanza kusukuma kitanda.

Kwenye benchi la nje sikukaa peke yangu. Dada mkubwa wa mama, aliyeolewa Isebania upande wa Kenya, alikuwa ameshafika, amevuka mpaka wa Sirari na kapu la ndizi mbivu na Biblia ya Kikurya. Magoti yalimsumbua na alikuwa na kikohozi, kwa hiyo chumba cha mahututi hakuruhusiwa kabisa, naye aliwaambia wauguzi kwa Kiswahili cha ng'ambo kwamba huo ni ukora tu. Siku hiyo hakugombana na mtu. Alikaa karibu nami, akaimba nyimbo za Sabato kwa sauti ya chini, moja baada ya nyingine. Nilijiunga naye kwenye zile nilizozijua. Zile nisizozijua alinitamkia maneno polepole.

Daktari alipotoka alikuwa amevua barakoa na uso umelegea, nikajua kabla hajasema kwamba mama amevuka salama. Yule mama mkubwa wa mke wangu alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Yeye naye ni mama mkwe wangu kwa mila. Hakukumbuka, wala mimi sikukumbuka.

Walimpunguzia dawa za usingizi kidogo kidogo. Mpira wa mdomoni ulipotolewa, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesugua gunia. Neno lake la kwanza lilikuwa kuhusu ng'ombe, kama wamekunywa maji. Nikamjibu kwamba wamekunywa. Akageuza macho, akaona ni nani anayemjibu, akavuta shuka akajifunika mpaka juu ya kichwa. Muuguzi alilazimika kumfunua ili amrudishie mpira wa hewa puani.

Kazi ikawa kwenye uji. Daktari aliporuhusu aanze kula, wauguzi walikuwa na wagonjwa wengine, na mikono ya mama ilikuwa inatetemeka, hashiki kijiko. Nilipomsogezea alifunga mdomo. Nilimbembeleza, akaangalia ukuta. Mwishoni nikageuza uso wangu mimi, nikaangalia dirishani, nikanyoosha kijiko nyuma kwa kukisia. Cha kwanza kilimwagikia shingoni. Cha pili kikamgonga pua. Nikasikia kitu kama kikohozi, nikageuka kwa hofu, kumbe ni kicheko. Alikuwa ameshika mshono kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, anacheka na kuumia kwa pamoja.

"Angalia huku, mura," akasema, kama Wakurya wanavyomwita kijana wao. "Utanitoboa jicho."

Hivyo nikamlisha nikiwa namwangalia. Alipomaliza kikombe alipumzika, kisha akaniuliza kama wale mbuzi wa mama yangu bado wana kiburi. Nilikaa nimeshika kile kikombe kitupu. Muuguzi wetu, aliyekuwa akibadilisha dripu ya kitanda cha jirani, hakugeuka, lakini nilimwona akitabasamu.

Mama aliporudi Nyansurura, wazee wa ukoo walikaa. Waliona kuna jambo la kusafisha, maana mkwe amembeba, amemlisha, amemwona katika udhaifu wake. Mwinjilisti wa kanisa lao alikuwepo pia. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho akiwa mlangoni mwa jiko, kisha akawajibu kwa utaratibu.

"Aliyeniuguza siwezi kumkimbia njiani. Ombeni sala, tule, mambo yaishe."

Wakaomba. Mbuzi akachinjwa, na mimi nikapewa sehemu yenye heshima.

Sasa akija Mugumu kliniki analala kwetu. Anakaa sebuleni, kiti amekigeuza upande kidogo, nami nakaa changu, na tunaongea mpaka mke wangu analalamika kwamba mama yake amekuja kwa mkwe, si kwake. Akiondoka namsaidia kupanda gari, ananipa mkono bila kusitasita. Kula bado tunakula mbalimbali. Hilo hakutaka libadilike, na mimi sikuomba.