Jani Ndani ya Ndoo ya Ndizi

Elisifa wa Machame hakujua kuomba radhi kwa mdomo. Katika ukoo wao, aliyekosa alikata jani la isale kwenye ua wa mpakani, akalifunga fundo na kumpelekea aliyekosewa. Jani lilisema yote, na aliyelipokea hakuweza kukataa. Lakini lilipaswa kuwa bichi. Isale kavu, mama yake alimfundisha, ni takataka.

Kosa lake lenyewe lilikuwa la mdomo. Mwanawe Ezra alikuwa kitindamimba, ambaye kwa desturi ndiye anayebaki na kihamba, lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya baba. Alipokuja kuaga kwamba anakwenda jeshini, Elisifa alisimama mbele ya baba wadogo wa Ezra akasema, "Basi mimi sina kitindamimba. Nilizaa, akafa."

Ezra alichukua begi lake akaondoka. Tangu hapo Krismasi zilikuja, nyumba za jirani zikajaa wana waliotoka mijini, yeye hakupanda mlima kuja nyumbani. Alipiga simu, akauliza hali ya ng'ombe, akaaga. Kisha kikosi chake kikapelekwa Kongo kulinda amani, na Elisifa akaanza kuogopa kwamba maneno yake yangetimia.

Ndipo akaja Gladness, askari mwenzake Ezra, mwenyeji wa Shirimatunda, aliyekuwa likizo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jeshi gani hili linachukua watu wembamba hivi? Upepo ukivuma si mtaanguka na bunduki zenu?"

"Ndiyo maana nimefuata ndizi, mama! Ezra anasema ndizi zako za kukausha zikifika kambini zitapigiwa saluti. Ila ziwe kavu kabisa. Njia ni ndefu, na kule ni joto."

Ezra anasema. Elisifa aliyarudia maneno hayo jioni nzima.

Alimenya ndizi kisukari, akazipasua na kuzipanga darini juu ya moto wa kuni, pale pale Ezra alipokuwa akizidokoa utotoni, amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa. Zilipokauka zilikuwa na rangi ya asali na harufu ya moshi. Akazishindilia kwenye ndoo ndogo ya plastiki.

Asubuhi ya safari ya Gladness akaenda mpakani, akakata isale lenye umande, akalifunga fundo. Hakumwambia Gladness, aliona haya mgeni ajue kwamba mzazi anamwangukia mtoto. Ili jani lisinyauke, akalizungushia kitambaa kilicholowa maji, akalizika katikati ya ndizi, akakaza mfuniko.

Wiki kadhaa baadaye Ezra alipiga simu. Nyuma yake watu walikuwa wakicheka.

"Mama, mzigo ulifika."

"Umekula?"

"Nisikudanganye. Tulipofungua, ukungu mweupe kama pamba. Nikajaribu kuokoa za chini, zilikuwa uji. Sajini akasema zitupwe zote, tusije tukaugua."

"Hukuona kitu kingine?"

"Si lile tambara! Ndani yake kulikuwa na jani jeusi, linanuka. Wenzangu wamenitania mpaka leo: mama yake Ezra anatuma ndizi pamoja na dekio." Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Lilikuwa la nini, mama?"

Elisifa alibana simu sikioni. Neno lilikuwepo, fupi, lile ambalo hata watoto wa shule huambiana wakikanyagana mstarini. Alifungua kinywa. Akilini aliwaona tena baba wadogo wa Ezra wamekaa kwenye mabenchi siku ile, na yeye amesimama mbele yao, na jinsi maneno yale mengine yalivyotoka kirahisi.

"Mama, upo?"

"Nipo. Kilikuwa kitambaa cha vyombo. Nadhani kilidondokea humo. Uzee, baba."

"Basi usijali." Sauti ya Ezra ikarudi ya kawaida. "Krismasi nimepata likizo. Nitakwenda Songea, kwao rafiki yangu mmoja. Wamenikaribisha."

"Wasalimie," alisema Elisifa.

Simu ilipokatika aliingia jikoni. Darini zilibaki ndizi chache ambazo hazikuenea ndooni. Alichukua moja, akaiuma. Ilikuwa tamu, kavu, haina kasoro, na alikaa nayo mdomoni muda mrefu.