Tundu la Gobore

Fundi wa bunduki niliyepakana naye ukuta hapa Nakuru hakuamini bunduki yoyote. Kila iliyoletwa aliifungua, akaingiza kidole chake kidogo kuhakikisha haina risasi, kisha akakipangusa kwenye aproni. Hata ile aliyoiweka chini sasa hivi, akiishika tena, ni kidole kwanza. Mwaka mmoja wa Hali ya Hatari, wakati Mwafrika aliyekutwa na silaha alinyongwa, mzungu mmoja wa Ndabibi alimwagiza mfano wa gobore la babu yake, la kutundika ukutani. Kibali kilisema liwe pambo tu. Fundi akalitengeneza vizuri: ukivuta kifyatulio, nyundo inagonga, jiwe linatoa cheche. Lakini tundu la kupitisha moto hadi kwenye baruti hakulitoboa.

“Toboa tu, fundi,” mzungu akasema akicheka. “Shimo kidogo hii, nani taona?”

Fundi hakubishana. Alimnyooshea drili kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni kikombe cha chai.

“Toboa wewe, bwana. Wewe wakikushika watakuuliza maswali. Mimi watanitia kitanzi.”

Mzungu akaitazama ile drili. Kicheko kikamwisha, na mikono yake ikabaki mfukoni.