Hema Lililonilaza kwa Mama

Walisema sitawahi kulala nyumbani kwa mama. Kwetu magharibi mwanamume aliyeoa halali chini ya paa la mamake, na mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kazi Ghuba, kule Uarabuni, sikuwa nimejenga hata chumba kimoja pale bomani. Kila nilipokwenda kumwona, jua likishuka niliaga nikarudi mjini kutafuta gesti. Mara ya mwisho mama alinisindikiza hadi langoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Utalala hapa nikiwa hai?"

Jibu lilitoka kichwani mwangu mwenyewe, wala sikumwomba mtu ushauri. Ghuba nilikuwa nikifunga mahema juu ya magari ya wapenda jangwa, na wateja walikuwa wakikataa kuhudumiwa na fundi mwingine. Diploma yangu ya ufundi wa magari nimeitundika sebuleni, hapa jijini mtaani Kaloleni, na kila mgeni huisoma kabla hajapewa chai. Nikanunua hema la mtumba, lile linalokunjwa ndani ya ganda gumu juu ya paa la gari, na kulala unapanda kwa ngazi. Mtaa ukacheka.

Aliyecheka zaidi ni mzee mmoja wa Makongeni, mstaafu wa reli, ambaye hupitia kwangu kila akitoka kanisani. "Kijana, hilo jeneza litakuacha pale raundabauti," aliniambia. "Utafika kwa mama na ngazi peke yake." Lakini zana zangu zilibaki ng'ambo, na ni huyo huyo aliyeniazima spana yake ya kupimia, ile inayolia ta! nati ikikaza inavyotakiwa. Seremala jirani akaniazima drili. Mama mboga akanipa stuli zake mbili za kusimamia, akaendelea kuwaambia wateja kwamba Ghuba ilinichoma kichwa.

Nilianza na kitabu cha maelekezo cha gari langu. Wengi hudhani paa linalobeba makochi siku ya kuhama litabeba chochote, kumbe uzito ambao paa linaustahimili gari likiwa mwendoni ni mdogo kuliko likiwa limesimama. Nikapima hema na keria pamoja kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu, vikabaki chini ya kikomo. Keria yenyewe, vyuma viwili vya kulalia hema, ilichomelewa na fundi wa Shauri Moyo, kijana mwenye mkono mzuri. Alikuwa ameileta inang'aa, rangi nyeusi nzito tabaka juu ya tabaka, maana huko kazi haikabidhiwi mwenyewe bila kung'arishwa.

Nikafunga keria na hema kwa vibano na nati. Akina mama wa kanisa wakaja kuliombea gari, mikono juu ya boneti, ila mmoja aliyeombea kwa mbali. Kisha nikaliendesha hadi mwisho wa Barabara ya Jogoo, nikapita kila tuta bila huruma, nikarudi. Niliposhika spana, nati ya kwanza ikazunguka. Ya pili pia. Zote zilikuwa zimelegea.

"Si nilisema?" mzee akauliza.

"Ulisema litaanguka, mzee. Mimi nilisema nitakagua."

Chanzo nilikiona mara moja: ile rangi nzito ilikuwa imebonyea chini ya vibano, kwa hiyo nati zilikuwa zimeshikilia rangi badala ya chuma. Nikafungua kila kitu, nikakwangua chini ya kila kibano, nikapaka dawa nyembamba ya kuzuia kutu, nikatia nati za kujifunga. Fundi wa Shauri Moyo akalalamika kwamba namharibia jina, watu watadhani keria ni ya mtumba. Nikamwambia hapo nilipokwangua hapaonekani, ila ndipo patakaponifikisha kwa mama.

Nikarudia barabara ile ile. Safari hii spana ililia papo hapo, nati haikusogea hata kidogo. Nikaketi kwenye stuli ya mama mboga nikacheka peke yangu.

Tulisafiri polepole, mimi na mke wangu. Nilikagua kituo cha kwanza cha mafuta, nikakagua tena baada ya mteremko wa Bonde la Ufa. Nati zilikuwa pale pale. Bomani nikaegesha mahali tambarare, nikafungua hema, nikasimamisha ngazi. Ndugu zangu wakaanza kubishana kama hiyo ni nyumba au si nyumba. Baba mdogo akazunguka gari, akatikisa ngazi, akaamua: "Mlango si wa mamako. Lala."

Nililala kama mtoto.

Tuliporudi Kaloleni niliwarudishia wote walioniazima vitu vyao siku moja: drili kwa seremala, stuli kwa mama mboga, kila mmoja na mkungu wa ndizi kutoka kwa mama. Spana niliipeleka mwisho, Makongeni. Mzee aliipokea, akaifuta kwa shati lake ingawa ilikuwa safi.

"Ulilala?"

"Nililala, mzee. Asubuhi mama alisimama chini ya ngazi na kikombe cha chai, akaniita kwa jina la utotoni."

"Basi si jeneza, kijana," mzee akasema. Akaingiza spana sandukuni, kisha akasogeza kiti nikae.