Kibuyu cha Juu ya Meko

Nikinusa ulezi uliokaa moshini, kichwa hunizunguka kama kwenye ile bembea ya kuzunguka kwa jenereta iliyoletwa mjini kwa lori. Mwenye bembea alipokea hata nafaka badala ya pesa, nasi tukampelekea kibuyu cha mbegu za ulezi kilichoning'inia juu ya meko. Tulidhani mama amekisahau.

Tulirudi nyumbani tukibishana.

"Mwakani wataleta treni," dada alisema.

"Ndege!" nikamkatalia.

Mama alitusikiliza, akatazama juu ya meko.

Mvua zilipoanza alilima shamba lote peke yake, kisha akatuita.

"Haya, sieni ulezi."

Tulilizunguka shamba zima tukirusha mikono mitupu, na mama nyuma yetu, akifukia kwa jembe.