Mama Alinililia Kweli, Rafiki Yangu Akarekodi

Admin, jina langu libaki kwako, Kilwa Masoko hapa tunajuana wote. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, sijaoa, naishi na mama. Baba ni marehemu. Mimi ni fundi simu, ila kinachoninyima usingizi ni filamu.

Mimi na rafiki yangu, nimwite Chande, tunatengeneza filamu ya kijana anayesafiri kwenye wakati. Mashine yenyewe ni friji bovu tulilolitoa rafu na kulizungushia taa za harusini. Kamera ni simu yangu. Kijana anaingia kwenye friji, anakwenda miaka kumi mbele, anafika kwao na kukuta anazikwa yeye mwenyewe. Muigizaji wetu alikimbilia Dar, ikabidi nicheze mimi.

Siku ya kurekodi msiba mama alikuwa Kiranjeranje, kwenye ufuta wake. Tukafunga turubai mbele ya nyumba, tukatandika mikeka, majirani wakaja kuigiza. Nikavishwa sanda, nikalazwa kwenye jeneza tulilogonga wenyewe. Simu tukaizimia mtandao isije ikaita katikati ya kazi. Tulianza asubuhi, alasiri bado tunarudia.

Kumbe dereva mmoja wa bodaboda alipita, akaona turubai, akampigia mama. "Mama, rudi nyumbani." Mama akauliza kuna nini. "We njoo tu, mama." Nyie mnajua, kwetu mtu hatajiwi aliyekufa kwenye simu. Mama akanipigia mimi, sipatikani. Akapiga tena na tena, sipatikani. Akajua ni mimi. Akapanda gari la kwanza aliloliona.

Nikiwa ndani ya jeneza nikasikia, "Mwanangu! Umeniacha na nani mwanangu?" Nikakurupuka na sanda yangu. Mama aliponiona akaanguka, akazimia. Chande hakuzima kamera, amerekodi yote.

Ndugu zangu, nina hasira na Chande. Nimemwambia akitoe kile kilio, hataki. Anasema, "Hata ulete msanii gani, hawezi kulia vile." Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba anasema kweli! Bila mama, filamu yetu ni watu wazima wanaochezea friji. Chande ameshaihamishia kwenye kompyuta yake na kualika watu waje kuitazama Idi pili, kwenye banda la video. Miaka miwili tumehangaika, na yeye naye anaona namharibia.

Mama kaapa kilio chake kikionyeshwa, yeye hana mtoto. "Mimi si msanii wenu. Nilikulilia." Watani zake sokoni wanamwambia "Pole na msiba, marehemu hajambo?" Zamani angewajibu mpaka wakimbie. Siku hizi anainama tu, anapanga nyanya zake. Chakula nikipika mimi hali.

Jana nilimpelekea chai. Hakunitazama. Akasema, "Nikuulize. Siku nikifa mimi, utanililia au utashika simu?" Nilitaka kusema nitalia, mama, nitalia sana. Akasema, "Haya, nimesikia," akaingia ndani.

Nishaurini jamani. Nikigombana na Chande filamu imekufa, nikinyamaza mama ndiyo basi tena. Idi inakaribia. Nifanye nini?